Mjumbe wa Dashibodi

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Usemi huu nimeusikia tangu utotoni, na katika miaka yangu ya ualimu nimewafafanulia wanafunzi wengi. Lakini uzito wake nimeuona vizuri zaidi baada ya kustaafu, hapa Kiwangwa, kwa sababu ya gari la mdogo wangu. Gari hilo lilikuwa na taa ya injini iliyogoma kuzimika. Kila ilipofutwa ilirudi. Waliotangulia kulitibu walimwadhibu aliyeleta habari, wakamwacha mwenye kosa akiendelea na mambo yake.

Anayeijua Kiwangwa anaijua kwa mananasi. Ukitoka Bagamoyo mjini, ukapita Makofia, ukavuka Mto Ruvu na kuiacha Fukayosi nyuma yako, unaanza kuyaona yamepangwa mafungu kando ya barabara. Msimu ukikolea, kuelekea mwisho wa mwaka, Fuso na Canter hupanga foleni zikisubiri mzigo wa Dar es Salaam. Lami ya Bagamoyo hadi Msata, kama kilomita 64, imeturahisishia sana maisha. Hata hivyo, kutoka shambani hadi kwenye lami bado ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mtu mwenye gari dogo la Kijapani lililokwishatumika, kama la mdogo wangu, analitegemea kwa kila kitu: mbolea, vibarua, mananasi ya wateja wadogo, na mgonjwa wa jirani usiku wa manane. Gari la namna hiyo likiwasha taa ya manjano, moyo wa mwenye gari nao unawaka.

Fundi wa kwanza, wa mjini, alilipima kwa mashine. Skrini ikamwandikia P0171. Akasema sensa ya oksijeni imekufa. Ikanunuliwa nyingine, ikafungwa, kosa likafutwa, taa ikazimika, watu wakashukuru. Haikuchukua muda ikarudi. Zikabadilishwa plagi. Taa ikazimika tena, ikarudi tena. Mwishowe watu wa nyumbani wakaizoea, na hapo ndipo hatari ilipo, maana taa iliyozoeleka haimwonyi mtu tena.

Namba hizi zina utaratibu wake. Herufi P ni ya injini na gia. Sifuri inayofuata inamaanisha kwamba namba hiyo ina maana ileile kwa magari ya kampuni zote. Tarakimu zilizobaki zinataja eneo na aina ya tatizo. P0171 inasema mchanganyiko umekuwa mwepesi, yaani hewa nyingi, petroli kidogo. Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli ili iungue vizuri. Sensa ya oksijeni imekaa kwenye bomba la eksozi, ikipima moshi unaopita. Ikikuta oksijeni iliyobaki ni nyingi kupita kiasi, inaiarifu kompyuta ya gari, na kompyuta inaongeza petroli. Ikiongeza mpaka ikafika kikomo chake bila kufanikiwa, ndipo inapowasha taa.

Sasa tujiulize, sensa ina kosa gani hapo? Haikuvuta hewa ya ziada, wala haikupunguza petroli. Ilisema ilichokikuta. Kwa kuwa yenyewe ndiyo iliyosema, yenyewe ikang'olewa.

Fundi wa pili ni kijana wa hapahapa, aliyesomea ufundi wa magari VETA na kurudi kufungua kibanda chake kando ya barabara. Alinipokea kwa heshima, "Shikamoo Mwalimu," nikamwitikia, akaniletea kiti. Nilitarajia aende moja kwa moja kwenye gari na kile kifaa chake kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, kwenye soketi yenye matundu 16, na kuzungumza na simu bila waya. Hakwenda. Alimgeukia mdogo wangu.

"Kaka, inawaka ukiwa wapi? Kwenye mwendo au umesimama?"

Mdogo wangu akafikiri. "Mara nyingi nikiwa nimesimama. Foleni ya Bunju. Au nikisubiri wanipakilie shambani huku injini inaunguruma."

"Na asubuhi, ukiliwasha likiwa la baridi?"

"Linatetemeka kidogo, halafu linatulia."

Kijana akatikisa kichwa, ndipo akachomeka kifaa. Akanigeukia: "Hii namba, Mwalimu, inanionyesha mtaa tu. Nyumba naitafuta mwenyewe."

Programu iliyo kwenye simu yake ina vitu vingi kuliko namba ya kosa, na hapa ndipo fundi hodari anapojitenga na msoma namba. Kwanza, kompyuta ya gari hutunza kumbukumbu ya hali ilivyokuwa wakati kosa liliponaswa: mwendo wa gari, mizunguko ya injini, joto la maji, mzigo uliokuwa juu ya injini. Kumbukumbu hiyo ilionyesha gari lilikuwa limesimama na injini imekwishapata joto, sawasawa na alivyoeleza dereva. Kisha akafungua ukurasa unaoonyesha jinsi kompyuta inavyosahihisha petroli muda ule ule. Gari likiwa linaunguruma papo hapo, kompyuta ilikuwa ikiongeza petroli kwa zaidi ya asilimia 30. Kwa gari lisilo na kosa, namba hiyo hucheza karibu na sifuri, asilimia chache juu au chini. Akamwomba mdogo wangu akanyage mafuta mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, aishikilie hapo. Ile namba ikaanza kushuka taratibu mpaka chini ya 10.

Akatueleza maana yake. Kama pampu ya mafuta ingekuwa imechoka, au sensa inayopima hewa inayoingia ingekuwa imejaa vumbi, tatizo lingezidi injini inapofanya kazi kubwa. Hapa lilipungua. Hiyo ni dalili ya hewa inayopenya mahali pasipo ruhusa, baada ya sensa hiyo ya hewa. Injini inapozunguka polepole inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hewa ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya jumla. Inapozunguka kwa kasi inavuta nyingi, na ya wizi inamezwa ndani yake.

Akachukua koleo, akafunga kitambaa kwenye meno yake asije akachana kitu, akaanza kubana mipira midogo ya hewa mmoja baada ya mwingine, macho yake yakiwa kwenye simu. Mpira wa kwanza, namba haikutingishika. Wa pili vilevile. Alipofika kwenye ule unaorudisha mvuke wa oili kwenye injini, namba ikaporomoka, na mngurumo wenyewe ukabadilika hata mimi nisiye fundi nikausikia. Akauchomoa, akaupindua. Ulikuwa na ufa upande wa chini, mfupi kuliko ukucha wa kidole, usioweza kuonekana na mtu anayechungulia kutoka juu. Joto na miaka vilikuwa vimeukausha mpira mpaka ukapasuka.

Mdogo wangu alikuwa ameitunza ile sensa ya mwanzo kwenye boksi la vifaa. Kijana akaomba aione, akairudisha mahali pake baada ya kufunga mpira mpya, akaitazama kwenye skrini. Ikapanda na kushuka kati ya takriban volti 0.1 na 0.9, kama sensa ya aina yake inavyotakiwa kufanya. Ilikuwa nzima siku zote zile.

Nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu nimeliona mahali pengi pasipo na magari. Nikiwa bado nafundisha, tulikuwa na mvulana wa darasa la tano aliyekuwa akisinzia darasani. Mwenzetu mmoja alikwisha kuamua kwamba dawa yake ni fimbo. Mwalimu mkuu akatuuliza swali la namna ileile ya fundi wangu: "Anasinzia vipindi gani?" Tulipoangalia, tukakuta ni vya asubuhi tu. Akishakunywa uji wa saa nne, alikuwa akijibu maswali kama wenzake. Mama yake alikuwa mgonjwa, na yeye ndiye aliyekuwa akimhudumia usiku, kisha anakuja shule hajatia kitu tumboni. Usingizi wake ulikuwa ukitupa habari ya nyumba nzima. Fimbo ingemfundisha kuificha habari hiyo. Angejifunza kukaa macho wazi, na sisi tungejipongeza kwamba tumemponya.

Katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa mambo ni hayohayo. Anatokea mama mmoja mwenye daftari, anasema mbele ya wanachama kwamba fedha zilizo kwenye sanduku hazilingani na zilizoandikwa. Badala ya watu kuhesabu upya, wanakasirika: huyu anatuvunjia umoja, huyu ana lake jambo. Mkutano unaofuata anachaguliwa mwingine mwenye ulimi laini, na kikundi kinapumua. Lakini upungufu hauondoki kwa sababu mtu aliyeutaja ameondoka. Utaendelea kukua kimyakimya mpaka siku ya kugawana.

Simaanishi kwamba kila mleta habari ni mkweli. Sensa nazo hufa, waya zake huchubuka, na kuna watu wanaopenda kupiga kelele bila sababu. Kijana wetu hakuiamini ile sensa kwa upendeleo, aliipima. Hapo ndipo penye haki: mwenye habari asihukumiwe kwa kuwa habari yake inauma, wala asiaminiwe bila kupimwa. Atafutwe shahidi wa pili. Dereva alikuwa shahidi, kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa shahidi, koleo nalo likawa shahidi. Wote waliposema jambo moja, hukumu ikawa nyepesi.

Nilipochunguza taa hii ilikotoka, nilikuta kwamba hata chanzo chake ni kisa cha mjumbe aliyebishiwa, na kisa hicho, kwa namna ya ajabu, kinapita kwenye mananasi. Mwaka 1943 jiji la Los Angeles, Marekani, lilifunikwa na ukungu mchafu uliowachoma watu macho na koo. Hakuna aliyejua kwa hakika unatoka wapi. Katika chuo cha Caltech kilicho karibu na jiji hilo alikuwapo mkemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, aliyekuwa akichunguza vitu vinavyolipa nanasi harufu na ladha yake. Mbinu zilezile za kunasa harufu ya nanasi alizitumia kunasa hewa ya jiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaonyesha kwamba moshi wa magari na mvuke wa petroli, vikipigwa na jua, ndivyo vinavyozaa sumu ile.

Habari hiyo haikupokelewa vizuri. Watafiti waliofadhiliwa na kampuni za mafuta walimpinga hadharani. Naye akaweka kando utafiti wake wa ladha, akafanya majaribio zaidi mpaka ukweli ukakubalika. Mwaka 1968 akawa mwenyekiti wa kwanza wa bodi ya jimbo la California inayosimamia usafi wa hewa. Bodi hiyo ndiyo iliyokuja kutaka magari yanayouzwa jimboni humo kuanzia ya mwaka 1988 yawe na uwezo wa kujichunguza na kumwonyesha dereva taa. Mwaka 1996 Marekani nzima ikaweka utaratibu mmoja, pamoja na ile soketi ya matundu 16, kwa magari mapya yote madogo. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari mapya ya petroli. Japani nayo ina utaratibu wake unaofanana na huo, na magari yake ndiyo yanayoshuka bandarini Dar es Salaam na kuishia kwenye barabara zetu.

Maana yake ni kwamba taa ya injini haikuwekwa kwanza kwa ajili ya mfuko wa mwenye gari. Iliwekwa kwa ajili ya mapafu ya jirani. Gari linaweza kutembea vizuri tu huku taa inawaka, na mwenyewe akasema "mbona linakwenda?" Ni kweli, linakwenda. Lakini watoto wanaorudi shule kwa miguu kando ya barabara wanavuta moshi ambao ungeweza kupunguzwa. Maonyo mengi maishani ni ya namna hiyo. Hayakuhusu wewe peke yako, na pengine ndiyo maana ni rahisi sana kuyapuuza.

Kufuta kosa nako kuna gharama ambayo wengi hawaijui. Kosa likiondoka kwa kutengenezwa kweli, taa hujizima yenyewe baada ya safari tatu mfululizo zisizo na kosa, na kwa kawaida namba hubaki kwenye kumbukumbu mpaka injini ipate joto na kupoa mara 40 hivi ndipo ifutike. Mtengenezaji aliona busara kutunza historia hata baada ya tatizo kupita. Anayebonyeza kitufe cha kufuta anaondoa taa pamoja na ushahidi wote: mwendo, joto, mzigo, vyote vinapotea. Fundi atakayefuata anaanza gizani. Ndugu wanaogombana, kisha wakapatanishwa kwa kuambiwa "yaishe" bila jambo kuzungumzwa, wanafanyiwa hivyohivyo. Ugomvi unaporudi, hakuna anayekumbuka vizuri ulianzia wapi.

Wapo pia wanaofuta kwa makusudi, hasa wanapouza gari. Wengine hubandika solotepu nyeusi, wengine hung'oa balbu. Lakini gari lina njia ya kusema. Ukizungusha ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa ya injini inatakiwa iwake kwa muda, kisha izimike injini inapoanza. Isipowaka kabisa, uliza kwa nini. Ukichomeka kifaa, programu inakuonyesha kama gari limekamilisha kujichunguza baada ya kumbukumbu kufutwa mara ya mwisho. Likikwambia halijakamilisha, jua kwamba huenda kuna mtu amefuta kitu hivi karibuni, na una haki ya kuuliza.

Pamoja na yote hayo, si kila taa inasubiri uchunguzi wa polepole. Taa nyekundu ya oili au ya joto la injini inataka usimame pale pale na kuzima gari, hata kama umebakiza mwendo mdogo kufika Msata. Taa ya injini ikiwa inapepesa badala ya kuwaka tu, ina maana injini inamisi vibaya na petroli isiyoungua inaingia kwenye eksozi, inaweza kuyaunguza masega yanayosafisha moshi. Punguza mwendo, tafuta mahali salama, usimame. Ikiwaka manjano bila kupepesa, una muda wa kuuliza maswali. Hekima ni kujua lipi la kukimbilia na lipi la kukalia chini, maana wapo wanaokimbilia yote na kuchoka, na wapo wanaokalia yote na kuangamia.

Kwa hiyo, msomaji wangu mwenye gari, taa hiyo ikiwaka usikimbilie dukani. Andika ilikowakia, saa ngapi, umebeba nini, injini ilikuwa ya baridi au ya moto. Mpe fundi maelezo hayo kabla hajachomeka kifaa, na usikubali kosa lifutwe kabla halijasomwa na kuandikwa mahali. Usilipie sensa mpya mpaka fundi akuonyeshe kwa vipimo kwamba ya zamani imekufa. Na nyumbani kwako, kazini kwako au kikundini kwenu, mtu akikuletea habari usiyoipenda, muulize kwanza ilianza lini, kisha nenda ukaangalie mwenyewe.